Maji ya bwawa inaenda wapi? Maswali yanayoulizwa sana kuhusu liki za paipu zilizofukiwa

Haya ni maswali ambayo wenye mabwawa ya kuogelea hapa Nairobi huuliza kila mara, kutoka Runda mpaka Syokimau, wengine wakipiga simu fundi tayari ameshika jembe mkononi. Majibu ni vile ningekwambia tukiwa tumesimama hapo kwa chumba cha pampu. Ukitaka kuruka mbele ruka tu, lakini hilo la ndoo lisome kwanza, manake karibu yote yanayofuata yanalitegemea.

Maji inashuka kila siku. Nitajuaje kama ni liki ama ni jua tu?

Jua na upepo hubeba maji, hiyo ni kweli. Siku ya kawaida Nairobi bwawa lisilofunikwa hupoteza kama milimita 3 hadi 6, Januari na Februari kukiwa kukavu na upepo unavuma inaweza kuzidi hapo kidogo, Julai ile ya mawingu inapungua. Kwa hivyo ukiona umepoteza nusu sentimita usianze kulia.

Lakini kuna kitu wengi hawafikirii: bwawa lenye hita ama solar. Maji yakiwa digrii 28 na usiku wa Julai nje kuko digrii 11 ama 12, hayo maji yanafuka usiku kucha, na asubuhi mwenyewe anaamka anaona tailsi moja zaidi iko nje anaita watu wachimbe. Weka kifuniko usiku mbili tatu uone tofauti kwanza.

Ikipita sentimita moja kwa siku, bila watoto kurukaruka na bila bekiwoshi (kuosha filta kwa kurudisha maji nyuma), hapo tuongee.

Hiyo testi ya ndoo inafanywaje hasa?

Chukua ndoo ya kawaida ya lita 20, weka jiwe zito ndani isielee, ikalishe kwenye ngazi ya kwanza ama ya pili ya bwawa ili mdomo ubaki juu ya maji. Ijaze maji ya bwawa, si ya mfereji, mpaka maji ya ndani na ya nje yawe levo moja. Piga alama ndani ya ndoo na alama nyingine ukutani kwa bwawa, tumia tepu ama penseli ya mafuta, kisha uondoke kwa saa 24. Sababu ya kuweka ndoo ndani ya bwawa lenyewe na si kando kwa kabro ni kwamba maji yote mawili yabaki na joto moja na upepo mmoja, kwa hivyo jua likichukua milimita 5 kwa bwawa litachukua karibu hizo hizo kwa ndoo. Kile kinachozidi ndicho liki.

Siku hiyo hakuna kuogelea, hakuna bekiwoshi, na mvua ikinyesha hata kidogo hiyo testi tupa uanze upya. Kati ya Machi na Mei hii inakera sana najua, lakini siku mbili tatu kavu hazikosekani. Na ifanye zaidi ya mara moja, matokeo ya siku moja usiyaamini.

Kuna floti inajaza maji yenyewe. Sasa hiyo alama si haitashuka?

Ndio, haitashuka, na hiyo floti ndiyo imeficha liki nyingi zaidi hapa mjini kuliko kitu kingine chochote. Levo iko sawa, kila mtu anafurahi, kumbe kisima kinasukuma maji usiku na mchana na bili ya stima ndiyo inalia. Funga valvu yake kabisa kabla ya kupima, na usiamini floti imefunga kwa sababu tu husikii maji.

Dalili ya nyumba yenye floti huwa ni kemikali: unaweka klorini vile umezoea lakini inaisha upesi, maji yanabadilika rangi bila sababu, kama ni bwawa la chumvi unaongeza magunia na geji bado inasema chumvi iko chini. Maji mapya yanaingia kila saa yakipunguza nguvu ya kila kitu.

Bwawa limeshuka kuliko ndoo. Nifanye nini sasa?

Rudia testi mara mbili, saa 24 pampu ikiwa inazunguka na saa 24 pampu ikiwa imezimwa. Hapa ndipo maji yanaanza kukuambia yenyewe, kwa hivyo usiruke hii hatua.

Ukipoteza mengi zaidi pampu ikiwa inafanya kazi, shuku upande wa presha, yaani paipu zinazotoka kwa filta kurudisha maji kwa bwawa. Pampu inasukuma, tundu linatema. Ili upate picha, tundu la milimita 3 tu kwenye paipu yenye presha ya nusu bar linatoa kama lita 150 kwa saa, kwa hivyo pampu ikizunguka saa nane umemwaga zaidi ya lita elfu moja chini ya nyasi na hakuna mtu ameona kitu.

Ukipoteza mengi zaidi pampu ikiwa imezimwa, shuku upande wa kuvuta, kutoka skima (ule mdomo wa plastiki ukutani unaovuta maji ya juu) na dreni ya chini mpaka kwa pampu. Pampu ikivuta, ndani ya hiyo paipu presha iko chini ya ile ya nje, kwa hivyo badala ya maji kutoka ni hewa ndiyo inaingia. Ukizima, uzito wa maji ya bwawa unarudi na maji yanatoka kwa ile ile njia.

Ikiwa hasara ni sawa kabisa pampu ikiwa on ama off, basi uwezekano mkubwa ni mwili wa bwawa wenyewe, skima, ama shimo la taa, na paipu zako huenda hazina kosa lolote. Hapo anza na rangi, nitaieleza chini.

Naona mapovu yanatoka kwa zile tundu za kurudisha maji. Paipu imepasuka chini?

Labda, lakini usianze huko. Hewa huingia kwanza mahali pepesi: oringi (ile ringi ya mpira) ya kifuniko cha pampu imekauka, plagi ya chini ya pampu haijakazwa, yunioni (jointi ya kufungua na kukaza) imelegea, ama mpini wa valvu umechakaa. Ama maji yako chini sana skima inavuta hewa yenyewe! Jaza maji mpaka nusu ya mdomo wa skima, safisha oringi uipake grisi ya silikoni, halafu pampu ikiwa inazunguka paka povu la kunyolea ndevu kwenye kila jointi inayoonekana upande wa kuvuta. Mahali povu linamezwa ndipo shida iko.

Ukimaliza zote za juu na mapovu bado yapo, na asubuhi ukifungua kikapu cha pampu unakikuta kikavu, sasa ndio naanza kuangalia chini ya ardhi.

Maji yalishuka mpaka mahali fulani yakaacha. Imejitengeneza?

Haijajitengeneza, imekuonyesha mahali ilipo. Hii ndiyo testi ya bei rahisi kuliko zote: zima pampu, zima floti, acha maji yashuke yenyewe. Yakisimama kwenye chini ya mdomo wa skima, tatizo ni skima ama paipu yake. Yakisimama usawa wa taa, ni shimo la taa ama ile paipu inayobeba waya, ambayo ikiwa haijazibwa vizuri maji huipanda mpaka kwenye boksi la jointi huko kwa bustani. Yakisimama usawa wa tundu za kurudishia, angalia hizo. Yakizidi kushuka bila kusimama, ni dreni ya chini ama sakafu.

Usiache lishuke mpaka chini kabisa kwa ajili ya udadisi lakini, nitakwambia kwa nini.

Si tumwage maji yote tuangalie ndani vizuri?

Hapana, tafadhali. Bwawa tupu ardhini likizungukwa na maji ya mvua linasukumwa kutoka chini. La faiba linaweza kuinuka kutoka shimoni, la zege linaweza kupasuka sakafu, na hapo liki ya paipu ya elfu kadhaa umeigeuza kuwa ujenzi mpya. Watu wa maeneo ya mabondeni walioona vile ardhi ilishiba maji Aprili na Mei 2024 wakati wa mafuriko wanaelewa. Tena bwawa tupu halivuji, sasa utaona nini?

Hii liki inanigharimu ngapi kwa maji?

Pima urefu mara upana. Bwawa la mita 10 kwa 5 lina uso wa mita 50 za mraba, kwa hivyo kila sentimita moja inayoshuka ni lita 500, yaani mitungi 25 ya lita 20. Likishuka sentimita mbili na nusu kwa siku hiyo ni lita 1,250, na kwa mwezi ni lita 37,500, karibu malori manne ya lita 10,000. Bei ya lori mtaani kwako unaijua, piga hesabu mwenyewe. Kama unategemea mgao wa Nairobi Water wa siku mbili kwa wiki, hesabu si ya pesa tu, ni kwamba maji ya kuoga nyumbani yanaenda kujaza shimo.

Nianze kuangalia wapi kabla sijaita mtu?

Chumba cha pampu. Yaani watu wamechimbua kabro nzima kumbe maji yalikuwa yanatoka kwa paipu ya bekiwoshi polepole usiku kucha yakiingia kwa mtaro. Ndani ya ile maltipoti valvu juu ya filta ya mchanga kuna gasketi yenye umbo la buibui, ikichakaa ama ikikwama mchanga, maji hupita kwenda njia ya kutupa hata mpini ukiwa kwenye filta. Angalia kile kioo cha kuchungulia, na nenda mpaka mwisho wa hiyo paipu ya kutupa uone kama kuna tone pampu ikiwa inafanya kazi. Kama mwisho wake umefukiwa ama umeunganishwa na mtaro, hiyo ndiyo sababu nzuri ya kuichimbua, hiyo moja tu.

Kisha paneli za solar kama ziko juu ya paa, kisha pampu yenyewe chini ya sili yake. Sakafu yenye alama nyeupe za chumvi ni ushahidi hata kama leo ni kavu.

Testi ya rangi ni gani?

Pampu imezimwa, maji yametulia kabisa, unachukua sirinji bila sindano yenye rangi ya keki (ile nyekundu inaonekana vizuri) na unaachilia kidogo kidogo karibu na mahali unaposhuku. Ikikaa pale ikielea, hakuna kitu. Ikivutwa kwenda ndani kama uzi, umepata. Usisukume kwa nguvu, manake wewe mwenyewe ndiye utakuwa umeisukuma halafu useme imevutwa.

Anza na skima. Skima ni plastiki, imeshikwa na zege, na hivyo viwili havipanuki wala kusinyaa kwa kiwango kimoja, kwa hivyo jointi yao hufunguka miaka ikienda. Mimi ningeambiwa nishuku kitu kimoja tu bila kupima, ningesema hapo. Baada ya hapo taa, halafu tundu za kurudishia, halafu nyufa za grauti.

Ukiingia majini zima pampu kwa swichi kubwa, si kwa taima tu, na usikae karibu na dreni ya chini pampu ikiwa na uwezo wa kuwaka. Mvuto wa dreni unaweza kumshika mtu chini ya maji asitoke. Stima ya taa nayo zima.

Haya, na testi ya presha ya paipu inafanywaje? Naweza kujifanyia?

Ukiwa na mkono mzuri wa uplamba unaweza, si uchawi. Wazo ni rahisi: unaziba paipu moja pande zote mbili, unaijaza maji, unaiweka presha kidogo, unaangalia kama inashika. Paipu moja moja. Ukipima zote kwa pamoja utajua tu kwamba kuna liki, na hiyo ulikuwa unajua tayari.

Kwa bwawa unatumia vizibo vya mpira vinavyopanuka ukikaza nati ya katikati, vya saizi ya paipu yako, nyingi za hapa ni inchi moja na nusu ama mbili. Upande wa pampu unafungua yunioni ama unakata paipu na unaweka kichwa cha kupimia: tii, valvu ya kufunga, geji, na mahali pa kuunganisha pampu ya mkono ile maplamba hupimia laini. Vitu vyote hivi ni vya hadweya ya kawaida, ukizunguka Kirinyaga Road hukosi, isipokuwa vizibo ambavyo mara nyingi utavipata kwa wauza vifaa vya mabwawa.

Geji nayo uchague vizuri, watu hukosea sana hapo. Usichukue ya bar 10, ukipoteza psi 2 (psi ni kipimo kingine cha presha) sindano yake haitingishiki. Chukua ya 0 hadi 30 psi, ama 0 hadi 2.5 bar.

Jaza paipu maji mpaka hewa yote itoke, hewa ikibaki ndani inabanwa na sindano inakuchezea. Pandisha mpaka kama psi 15, ukizidi sana usipite 20, hiyo ni karibu bar 1 na nukta 4. Najua paipu ya Klasi D imeandikwa bar 12, lakini vizibo na skima havijaandikwa hivyo. Mwanzoni itashuka kidogo mpira ukikaa sawa, ongeza urudi 15, funga valvu, piga picha ya geji na saa, ngoja dakika 30. Ikikaa pale pale, hiyo laini ni nzima, hamia nyingine. Ikishuka, kabla hujasema neno angalia vizibo vyako, kwa sababu nusu ya hizo "liki" huwa ni kizibo kinachotoa maji kidogo kuingia kwa bwawa. Weka rangi pale uone, kaza, rudia. Ikianguka mpaka sifuri mara moja, paipu imeachana kabisa ama elbo imefunguka. Ikishuka polepole ni ufa ama gundi iliyokosea.

Fanya asubuhi kama kuna paipu iko nje juani, manake jua likiipasha presha inapanda yenyewe na liki ndogo inafichika. Na usisimame mbele ya kizibo, kikitoka kinatoka kama risasi.

Dreni ya chini ndiyo ngumu, inataka mtu wa kupiga mbizi aizibe. Njia ya mkato: kama ina valvu yake kwa chumba cha pampu, ifunge siku kadhaa ulinganishe hasara, ingawa hiyo itakuambia tu yaliyo baada ya valvu, si paipu iliyo chini ya sakafu.

Mtu wa pancha hapa nje ana kompresa. Si tutumie upepo ni haraka?

Usijaribu. Maji hayabanwi, paipu ikipasuka yakiwa ndani inatoa tu tone na mambo yanaisha. Upepo unabanwa, paipu ya PVC ikipasuka ikiwa imejaa upepo inarusha vipande. Kompresa ya pancha haina huruma, kabla hujashika mpini ishapita bar 5. Kuna wapimaji wanaoingiza hewa kidogo kwenye maji ili liki ipige kelele, lakini wanatumia regulata na presha ya chini kabisa, na wanajua wanachofanya.

Geji imeshuka kwa laini moja. Tunachimba wapi sasa?

Bado hatuchimbi! Laini inaweza kuwa na mita 15, na wewe unataka shimo moja la kutosha mtu kuchuchumaa.

Kwanza tafuta njia ya paipu. Picha za wakati wa ujenzi zikiwepo ni dhahabu, muulize kontrakta ama mwenye nyumba wa zamani, hata keateka wa miaka mingi anaweza kukumbuka. Kama hakuna, wapimaji hupitisha waya wenye kifaa cha kutoa mawimbi ndani ya paipu na kuufuata kwa juu.

Pili ni kusikiliza. Maji yakitoka kwa tundu kwa presha yanapiga kelele ya mlio, na maikrofoni ya ardhini inaipata kupitia kabro ama zege. Inafanya kazi vizuri zaidi usiku mji ukitulia. Mchana South C ndege za Wilson zikipita juu kila mara, ama ukiwa karibu na Thika Road, unasikiliza injini tu. Udongo uliolowa sana pia unameza sauti, na nyasi nene vilevile.

Sauti ikikosa kuna gesi: mchanganyiko wa haidrojeni asilimia 5 na naitrojeni asilimia 95, ambao hauwaki moto. Unaingizwa kwenye paipu isiyo na maji kwa presha ndogo, haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote kwa hivyo inapenya tundu na kupanda juu ya udongo, na kifaa kinainusa. Wenye vifaa hivi si wengi na bei yao iko juu, lakini ilinganishe na gharama ya kurudisha kabro na marumaru ya ukingo mzima.

Kwa paipu fupi kuna mbinu ya kienyeji zaidi: kizibo cha kujaza hewa kilichofungwa kwenye hozi, unakisukuma ndani ya paipu mita kwa mita, unapima kila mahali. Presha ikishika hapa na ikikosa kushika hapo mbele, liki iko katikati. Elbo ndizo hukukataza, kizibo hakikati kona mbili.

Ukichimba, paipu nyingi ziko sentimita 30 hadi 60, na karibu nazo kuna waya wa taa. Zima stima kabla jembe halijagusa ardhi.

Kuna mahali kwa nyasi kumelowa daima. Ni bwawa ama ni paipu ya kanju?

Klorini haikusaidii hapa, udongo unaila kabla maji hayajafika juu. Pima asidi ya sayanuriki, yaani ile dawa ya kulinda klorini na jua, kwa kiti ya kupimia bwawa. Kama unaitumia bwawani na imo pia kwenye hayo maji ya nyasi, maji ni yako. Maji ya mfereji hayana. Bwawa la chumvi ni rahisi zaidi, pima chumvi. Hii pia inamaliza ugomvi na jirani wa upande wa chini ambaye ukuta wake umeanza kutoa ukungu, manake hapo swali si la nani anapiga kelele zaidi.

Na mahali kumelowa si lazima pawe mahali palipopasuka. Maji hufuata ule mtaro paipu ilimolazwa, yanatembea mita nyingi ndipo yajitokeze.

Kwani hizi paipu zinapasukaje na hakuna mtu anazigusa?

Inategemea umejenga wapi. Upande wa Embakasi, Syokimau kuelekea Athi River kuna ule udongo mweusi wa pamba, unavimba mvua ikinyesha na kukauka mpaka unafanya nyufa za kuingiza mkono. Paipu iliyolazwa ndani yake moja kwa moja inavutwa huku na huku kila msimu mpaka elbo inaachia. Runda, Gigiri, Muthaiga huko udongo mwekundu umetulia zaidi, shida huwa ni kazi yenyewe: gundi haikupakwa pande zote, paipu haikusukumwa mpaka mwisho wa soketi, ama ililazwa juu ya mawe bila mchanga.

Mizizi watu huisingizia sana. Mjakaranda hautoboi paipu nzima ya PVC hivi hivi, mara nyingi unafuata maji yanayotoka tayari kwa jointi mbovu, kisha ukinenepa ndio unaipanua.

Kuna dawa ya kumwaga ndani inaziba yenyewe. Inafanya kazi?

Kwa ufa mwembamba wa ukuta, wakati mwingine. Kwa paipu yenye presha, inashika wiki kadhaa na inaachia. Kwa elbo iliyofunguka ni kumwaga pesa. Na usiipitishe kwenye filta, itaganda na mchanga wako.

Bwawa letu liko juu ya gorofa Kilimani. Inakuwa hivyo hivyo?

Testi ni zile zile ila hamna udongo, kwa hivyo maji yanajitokeza kwa dari ya mtu wa chini. Kama ni la kumwagika ukingoni, levo ya bwawa haibadiliki, pima kwenye tangi la balansi, lile linalopokea maji yanayomwagika.

Fundi anasema lipa dipoziti tuchimbe tuone. Nimwambie nini?

Mwambie akuonyeshe geji. Bei ya kupima na bei ya kutengeneza ziwe mbili tofauti, ili asiwe na sababu ya kupata liki mahali haipo. Muulize amepima laini ngapi, kila moja ilianza psi ngapi na ikaishia ngapi baada ya muda gani, na akutumie picha. Akishindwa kujibu hayo, M-Pesa iache ikae kwa simu. Anayejua kazi yake hatakasirika, atafurahi umeuliza.

Tumepata paipu. Inatengenezwaje na nitajuaje imeisha?

Kata kipande kibovu kabisa na uweke kipya kwa soketi. Kufunga mpira wa tyubu na waya ni sawa kwa paipu ya shambani inayoonekana, si ya kufukia. Kausha, sugua, paka kisafishio na gundi ya PVC pande zote mbili, na ungoje muda ulioandikwa kwa kopo kabla ya presha, saa 24 ukiweza. Kama ni ule udongo mweusi, toa wote ulio karibu na paipu uweke mchanga. Na kama laini imepita chini ya kabro yote na imeoza mahali pengi, wakati mwingine ni rahisi kuiziba na kuiacha huko huko, mpitishe mpya kando.

Shimo likae wazi. Pima presha tena ile laini, psi 15 dakika 30, kisha washa mfumo na urudie testi ya ndoo on na off kabla mtu hajagusa koleo. Ukikuta hasara imepungua kutoka sentimita 3 mpaka moja na nusu, usiseme fundi amekula pesa zako, kuna uwezekano ulikuwa na liki mbili na ile kubwa ilikuwa inaficha ndogo. Rudi kwa laini ambazo hazijapimwa, na kama zote zilishika, chukua ile rangi ya keki urudi kwa skima.